Akiba Haiozi, Faili Huoza



Mwezi Septemba, kabla muhula haujaanza, tulitakiwa kulihamisha kabati la chama kwa sababu chumba kilikuwa kinapakwa rangi. Tulipofika chini kabisa, nyuma ya mabango ya Siku ya Kiswahili Duniani na masufuria mawili ya pilau ambayo hadi leo hakuna anayekiri kuyaazima, tulikuta katoni moja iliyofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na matoleo ya zamani ya jarida hili, diski tatu za ensaiklopidia za kompyuta, na diski moja isiyo na nembo yoyote. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: Maneno ya wazee, 2001.

Pamoja na diski hiyo palikuwa na kurasa nne zilizochapishwa, zenye doa la chai. Kurasa hizo ndizo zilizotueleza diski ina nini. Waliotutangulia katika chama hiki walizunguka Handsworth, Sparkhill na Smethwick wakiwahoji wazee wa Kihindi waliozaliwa au kukulia Afrika Mashariki, wakaandika Kiswahili chao: neno, maana yake, nani alilisema, na alilisikia wapi kwanza. Orodha ya kwenye karatasi ni sehemu tu ya maneno hayo. Neno la mwisho ni fagio. Mengine yote yamo ndani ya diski.

Diski hatukuweza kuisoma. Tunaandika makala haya si kwa kulia juu ya diski moja, bali kwa sababu tunaamini kwamba chama chetu, na hata idara, kinaendelea kufanya kosa lile lile kila wiki.

Maneno yenyewe

Huenda kuna wageni kati yetu wasiojua kwa nini Kiswahili kinasemwa katika jikoni za Birmingham. Wahindi wengi walifika pwani yetu kwa biashara tangu zamani, na wengine wakaletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Watoto na wajukuu wao wakawa wenye maduka, makarani, walimu na mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara nchini Kenya ziliwasukuma wengi kuondoka. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, na watu wapatao 28,000 wakaja Uingereza. Wengi wao walifika mikono mitupu. Lugha haikukaguliwa uwanja wa ndege, kwa hiyo walikuja nayo.

Ndiyo maana hadi leo ukienda mkahawa wa Kihindi mjini hapa unaweza kuletewa mogo wa kukaanga, nao si kitu kingine ila muhogo. Ndiyo maana kuna bibi wa Kigujarati anayemwambia mjukuu wake alete fagio na aoshe sufuria, na mjukuu, aliyezaliwa hapa hapa, anadhani hayo ni maneno ya Kigujarati. Karanga wanaziita jugu. Kiswahili hicho hakimo katika kamusi zetu, na wanaokijua wanazidi kupungua kila majira ya baridi. Waliotutangulia mwaka 2001 walilitambua hilo mapema. Walifanya kazi nzuri sana. Walikosea jambo moja tu: mahali pa kuiweka.

Sanduku bila ufunguo

Tuseme wazi kilichotokea. Diski yenyewe haikuharibika. Tuliazima kisoma diski cha nje, maana kompyuta zetu za siku hizi hazina tena, tukakichomeka. Kompyuta ikaiona diski bila taabu. Ikatuonyesha faili moja, ukubwa wake na tarehe yake. Tulipolibofya, ikatuuliza tunataka kulifungua kwa programu gani. Hatukuwa na jibu. Programu iliyolitengeneza ni ya kutunzia orodha na majedwali, na haiuzwi tena wala haitengenezwi.

Mwenzetu mmoja anayesomea kompyuta akalifungua kwa programu ya kawaida ya kusomea maandishi matupu. Ukurasa ukajaa vijisanduku na alama zisizo na maana, lakini katikati ya vurugu hiyo tukaona: mogo. Chini yake, sufuria. Kisha jugu, kisu, spana, dudu, bisibisi. Tulipiga kelele hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini.

Furaha haikudumu. Maneno yalikuwa yamerundikwa mahali pamoja, maana mahali pengine, majina ya wazee pengine kabisa, na kilichoviunganisha ni namba ambazo programu ile pekee ndiyo iliyojua kuzifuata. Maelezo mengine yaliandikwa kwa Kigujarati, kwa fonti ya siku hizo iliyovalisha herufi za Kirumi sura ya Kigujarati. Fonti ikikosekana, kinachobaki ni herufi za Kirumi zisizosomeka kwa lugha yoyote. Tumeokoa maneno kadhaa. Hatujui nani alisema lipi, wala kwa maana gani.

Hapa ndipo panapohitaji maelezo kidogo. Faili lolote, liwe shairi au picha, ndani yake ni msururu wa namba tu. Umbizo la faili ni mapatano ya namna ya kuzisoma namba hizo: hizi ni herufi, hizi ni rangi, hapa linaisha neno na hapa linaanza jingine. Mapatano hayo yakiwa yameandikwa na kutangazwa, mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kulisoma faili, leo au baada ya miaka hamsini. Yakiwa ni siri ya kampuni moja, faili ni kama sanduku la Zanzibar lililofungwa kwa kufuli ambalo fundi wake ni mmoja tu. Siku fundi akifunga duka, sanduku lako unalo, na mali imo ndani, ila huifikii.

Habari ya Encarta

Diski tatu za ensaiklopidia zilizokuwa katika katoni ile zilitukumbusha kwamba jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Wahadhiri wetu watakumbuka enzi zake. Microsoft ilitoa Encarta mwaka 1993, ikitumia kwa sehemu kubwa makala ya ensaiklopidia ya Funk & Wagnalls iliyokuwa ikichapishwa kwa karatasi. Diski moja nyembamba ilibeba kile kilichojaza rafu nzima, tena kwa sauti, ramani na filamu fupi. Kwetu Afrika Mashariki, wakati intaneti ilikuwa ghali na ya kujikongoja, diski kama hizo zilipita mkono kwa mkono, na shule iliyokuwa na kompyuta moja yenye Encarta ilijiona ina maktaba. Matoleo ya mwisho yalikuwa na makala zaidi ya 60,000.

Machi 2009 Microsoft ilitangaza kwamba inaifunga. Tovuti zake nyingi zilizimwa tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Diski zilizouzwa zilibaki majumbani, lakini kubaki na diski si sawa na kubaki na ensaiklopidia. Makala hayakuwekwa kama maandishi ya kawaida. Yalifungwa ndani ya mafaili ya namna ya pekee, ambayo majina yake huishia na herufi kama M20 katika matoleo ya awali na EIT katika ya baadaye, na mapatano ya kuyasoma hayakuwa ya umma. Zaidi ya hayo, programu za miaka ya mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya Windows ya biti 16, na Windows ya biti 64 inayotumika leo haiwezi kuziendesha kabisa. Wapenzi wachache wenye subira wameweza kuchokonoa baadhi ya mafaili hayo, au kuifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Shukrani kwao. Lakini urithi unaotegemea watu wachache wenye subira uko hatarini.

Kati ya matoleo yote, linalotuuma zaidi ni Encarta Africana ya mwaka 1999, iliyohaririwa na Henry Louis Gates Jr. na Kwame Anthony Appiah. Nyuma yake kulikuwa na ndoto ya karne nzima karibu. W. E. B. Du Bois alianza kuwaza ensaiklopidia ya watu weusi mwaka 1909. Mwaka 1961, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini, alihamia Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah ili aifanyie kazi, akafia Accra Agosti 1963 kabla haijakamilika. Gates na Appiah walitimiza wazo hilo kwa namna mbili: kwa diski, na kwa kitabu kilichotoka mwaka huo huo wa 1999. Mwaka 2005 kitabu kilitolewa tena na Oxford University Press kwa juzuu tano.

Sasa tuulizane, baada ya miaka hiyo, ni ipi kati ya namna hizo mbili ambayo mwanafunzi anaweza kuifungua leo mchana? Kitabu. Unakivuta rafuni na kusoma. Diski, iliyokuwa ya kisasa, yenye sauti za ngoma na za watu wakizungumza, inahitaji kutafutiwa kompyuta ya makumbusho. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika habari hii msala umekwisha kupita, na mbacha bado upo.

Hata wenye nchi yaliwakuta

Asije mtu akadhani hili ni tatizo la wasio na pesa. Mwishoni mwa mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza aliamuru mali na ardhi za Uingereza ziorodheshwe, kazi ikafanyika mwaka 1086, na kitabu hicho, Domesday Book, kipo mpaka leo katika Hifadhi ya Taifa huko Kew. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC ilitoa orodha mpya ya nchi nzima kwenye diski kubwa za leza za inchi 12. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi wa shule walioandika habari za mitaa yao. Diski zilihitaji kompyuta ya pekee na kisoma diski cha pekee, na vyote vilikuwa ghali mno hata shule nyingi zilizochangia habari hazikuweza kuvinunua.

Miaka kumi na tano baadaye, kitabu cha 1086 kilikuwa bado kinasomeka na diski za 1986 zilikuwa zinaelekea kutosomeka. Ilibidi watafiti wa Leeds na Michigan watengeneze, mwaka 2002, programu ya kuigiza ile kompyuta ya zamani ili yaliyomo yaonekane tena. Hao walikuwa na vyuo vikuu viwili nyuma yao. Orodha ya maneno ya jikoni ya wazee wa Handsworth ina nani? Ina sisi.

Maktaba yetu ya jirani

Hapa Edgbaston, katika maktaba ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham, kuna karatasi mbili za ngozi zilizoandikwa aya za Kurani. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ngozi hiyo imepimwa na kukutwa ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Maana yake ni kwamba ina umri wa miaka karibu 1,400. Mwandiko wake ni wa Kihijazi, wa kale, na hauna alama nyingi tulizozizoea leo. Hata hivyo, aliyefundishwa Kurani madrasani Lamu au Unguja, akisaidiwa kidogo, ataanza kuyatambua maneno.

Katika maktaba hiyo hiyo kuna barua za wamisionari wa Church Missionary Society kutoka Mombasa na Rabai, za kina Krapf na Rebmann, kuanzia miaka ya 1840. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Tahajia yake si yetu, na mengine aliyoyaandika yanatuchekesha au kutuudhi. Lakini tunaweza kuyasoma, ndiyo maana tunaweza kuudhika. Maneno ya 1844 tunabishana nayo. Maneno ya 2001, yaliyokusanywa na wanafunzi kama sisi, maili chache kutoka hapa, hatuwezi hata kuyabishia.

Tusijidanganye kwamba siri ni karatasi. Karatasi huungua, huliwa na mchwa, humwagikiwa chai. Tunajua ni miswada mingapi ya pwani imeoza masandukuni kwa unyevu. Na Kiswahili chenyewe kimewahi kubadilishiwa umbizo. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka 1728, iliyoko Hamburg, ni ya herufi hizo. Kisha zikaja herufi za Kirumi, na baada ya Kamati ya Lugha ya 1930 tahajia moja ikasambaa shuleni. Leo wengi wetu katika chama hiki hatuwezi kusoma barua za babu wa babu zetu. Hiyo nayo ni hasara.

Lakini kuna tofauti kubwa. Herufi za Kiarabu hazina mwenyewe. Hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja na kusema haiziuzi tena. Anayetaka kuzijua anajifunza, na wako watu Lamu na Mombasa wanaozifundisha. Ndiyo maana mswada wa 1728 bado ni kitu kinachosomeka, ilhali faili la 2001 ni fumbo. Kinachotunza maandishi si uzee wala upya wa chombo. Ni kwamba namna ya kuyasoma iwe mali ya watu wote.

Watakaotupinga

Tumelizungumza jambo hili na wenzetu, na tumesikia hoja mbili za kutupinga. Tunaziheshimu.

Ya kwanza inasema: hayo ni mambo ya zama za diski, siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, na hakipotei. Tungependa iwe hivyo. Lakini Encarta nayo ilikuwa kwenye intaneti, na ilizimwa. Mwezi huo huo wa Oktoba 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa zilizotengenezwa na watu wa kawaida yakaondolewa. Yaliyobaki yalibaki kwa sababu kuna waliokimbilia kunakili. Kuweka kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ni kumpangishia akiba yako mtu mwingine. Ni jambo jema, maadamu hukumbuki nyumba si yako tu, bali unayo nakala kwako pia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema maandishi matupu hayatoshi. Kazi ya lugha inataka majedwali, sauti zilizofungamanishwa na maneno, picha, na mara nyingine programu za kulipia ndizo zinazofanya hivyo vizuri. Ni kweli. Hatusemi msizitumie. Mpishi hutumia chungu anachokipenda. Tunachosema ni kwamba chakula cha akiba asikiache chunguni. Fanyeni kazi kwa programu yoyote, lakini siku kazi inapokamilika, toeni nakala kwa umbizo lililo wazi.

Tena sisi wa Kiswahili tumebarikiwa. Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina nukta wala mikia juu ya herufi. Karibu kila neno letu linaandikika kwa mpangilio wa herufi wa kompyuta uliotangazwa mwaka 1963. Taabu yetu ni kijialama kimoja tu cha ng'ombe na ng'ambo, ambacho programu za kuandikia hukipinda kwa urembo, na faili likihamishwa vibaya ng'ombe anaibuka na takataka katikati ya mwili. Lugha nyepesi kuhifadhiwa kama hii, tukiipoteza tutakuwa na la kusema?

Mfano mwema upo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, wakati Encarta bado inauzwa. Ina makosa, ina makala ya mistari miwili, na wahadhiri wetu wana haki ya kutukataza kuinukuu. Lakini yaliyomo yote yanaruhusiwa kunakiliwa, na yanatolewa kwa maandishi ambayo yeyote anaweza kuyapakua na kuyasoma kwa programu yoyote, hata bila intaneti. Wikipedia ikifungwa kesho, makala yake yatabaki na watu elfu moja. Encarta ilikuwa bora kwa mambo mengi, lakini haikuacha nafasi hiyo.

Bibi wa Handsworth

Katika zile kurasa nne kuna jina la bibi mmoja, na mwenzetu mmoja anaifahamu familia yake. Mwezi Oktoba tulikwenda kumwona. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akacheka kwamba wanafunzi wamerudi tena baada ya miaka yote hiyo. Alizaliwa Nairobi. Tulimsomea maneno tuliyoyaokoa, moja moja, naye akatueleza. Mengi aliyakumbuka, na mengine akatuongezea.

Tulipofika kwenye dudu, ambalo ndani ya faili lilikuwa limekaa kati ya spana na bisibisi, tulimwuliza gereji kuna dudu gani. Akanyamaza kidogo. "Hilo si langu," akasema. "Hilo la gereji. Mzee wangu ndiye alikuwa anasema. Mngemuuliza yeye."

Mzee alifariki zamani. Mwaka 2001 alikuwepo, na aliulizwa, na alijibu. Jibu lake limo ndani ya diski ile, katika lugha mbili, likiwa zima. Tunalo mkononi.

Tunapendekeza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalolipendekeza ni hili, na tunaomba mkutano mkuu ulijadili na kulipitisha.

Kwanza, kila kazi ya chama ihifadhiwe kwa umbizo lililo wazi, mbali na nakala nyingine yoyote. Maandishi yawe maandishi matupu, au ODF, ambalo ni kiwango cha kimataifa tangu 2006. Orodha za maneno ziwe majedwali ya CSV, ambayo hata programu ya kawaida ya maandishi huyasoma. Kurasa zilizokamilika, kama za jarida hili, ziwe PDF/A, iliyobuniwa kwa ajili ya hifadhi. Sauti ziwe WAV au FLAC.

Pili, ndani ya kila folda kuwe na faili moja fupi la maandishi linaloeleza: hiki ni nini, nani alikusanya, lini, wapi, na wahojiwa waliruhusu kitumikeje.

Tatu, nakala ziwe tatu, na zisilale nyumba moja. Moja ya chama, moja ya idara, na moja tuiombe maktaba itutunzie. Orodha za maneno zichapwe pia kwenye karatasi. Bila zile kurasa nne tusingejua kabisa kwamba diski ile ina thamani, na labda ingekwenda jalalani pamoja na katoni.

Nne, kila mwaka kamati inapokabidhi madaraka, kamati mpya ifungue kila faili mbele ya ile ya zamani, kabla ya kutia sahihi. Lisilofunguka lishughulikiwe siku hiyo, wakati aliyelitengeneza bado yupo mjini.

Tano, na hili tunawaelekea wahadhiri wetu kwa heshima: tunaomba kazi za utafiti za wanafunzi zikabidhiwe pamoja na data zake kwa umbizo lililo wazi. Kila mwaka rekodi za mahojiano zinabaki katika kompyuta za wanafunzi wanaohitimu na kuondoka. Mkituwekea sharti, tutanung'unika, kisha tutatii.

Kuhusu diski ya 2001, hatujakata tamaa. Tunamtafuta mtu mwenye kompyuta ya enzi hizo na programu ile ikiwa bado imo ndani. Kama wewe, au mjomba wako mwenye stoo iliyojaa, unayo kompyuta ambayo kila mtu anakwambia uitupe, usiitupe. Ilete kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Na wale mliokuwa chamani mwaka 2001, ambao pengine jarida hili linawafikia popote mlipo, tuandikieni. Huenda mmoja wenu bado anakumbuka yule fundi alimaanisha nini aliposema dudu.